Malaika Asiyetiwa Macho

Katika kijiji cha Silberlohe, juu kwenye Milima ya Madini ambako Ujerumani inapakana na Bohemia, mgeni hakuwa na haja ya kuuliza nyumba fulani ina watoto wangapi. Ilimtosha kupita barabarani jioni moja ya Majilio, majuma yale ya kungoja Krismasi, na kuyatazama madirisha. Kwa kila mtoto wa kiume aliyezaliwa katika nyumba ile alisimama dirishani mchimba madini wa mti, mwenye kofia nyeusi na aproni ya ngozi, ameshika mshumaa kila mkono; na kwa kila mtoto wa kike alisimama malaika, naye ameshika mishumaa yake miwili. Watoto wakioa na kuolewa, wakihamia mbali, hata wakizeeka, sanamu zao zilirudishwa pale pale kila mwaka, zikielekea barabarani. Zamani wanaume waliingia mashimoni kabla ya mapambazuko na kutoka baada ya jua kutua, wakapitisha majira yote ya baridi bila kuliona jua. Mwanga wa dirishani ndio uliowaonyesha njia ya kurudi nyumbani. Siku hizo mashimo mengi yalikuwa yamekwisha kufungwa, lakini akina mama hawakuacha kuwasha. Nani ajuaye ni nani bado yuko njiani?

Dirisha la Bi Meta Nestler lilisifiwa kuliko yote ya kijiji, na sababu ya sifa hizo ilikuwa kwamba ndani yake hapakuwa na kitu kilichozidi. Palikuwa na pazia jeupe lililopigwa pasi, tawi moja la msonobari lililolazwa juu ya kizingiti, na wachimba madini wawili: mmoja wa Gotthold, mwanawe mkubwa, mmoja wa Lothar, mdogo, aliyekuwa akifanya kazi bandarini kaskazini na kuandika barua mara chache. Juu ya mlango ilining'inia nyota ya karatasi ya manjano. Ndani, juu ya kabati, alikaa mzee wa mti mvuta kiko, ambaye hutiwa kidonge cha ubani tumboni akatoa moshi mdomoni. Basi, hayo tu.

Jirani yake, Bi Selma Uhlig, alikuwa mtu wa kupachika. Dirishani kwake kulijaa kulungu wa bati, kengele, pamba iliyojifanya theluji, na taa za rangi zilizowaka na kuzimika kama jicho lililoingiwa na vumbi.

"Dirisha lako, Selma, limevaa kama bibi harusi aliyepambwa na mashangazi saba," Meta humwambia.

"Na lako limevaa kama mjane," Selma humjibu. "Tena mjane mwenye majivuno."

"Kwangu kila kitu kina mwenyewe. Pambo lisilo na mwenyewe ni takataka."

Neno hilo lilijulikana kijiji kizima. Wasichana walioolewa karibuni walipomjia kuomba shauri la kupamba nyumba zao, aliwaambia hilo hilo: kabla hujaweka kitu, jiulize kimewekewa nani, kama hakuna, kirudishe sandukuni. Wakaenda zao wakisema kwamba Bi Meta ana jicho. Hawakujua kwamba jicho hilo lilikuwa likitazama, kila mwaka, mahali patupu katikati ya wachimba madini wawili.

Meta alikuwa mtu wa macho hata kwa kazi. Tangu usichana wake alifanya kazi katika karakana ya sanamu iliyokuwa kando ya kijito. Wanaume walikereza mti, wasichana wakapaka rangi nguo na mabawa, na mwisho wa meza aliketi Meta na brashi ya nywele chache, akitia macho. Kazi hiyo hufanywa pumzi ikiwa imezuiwa. Kabla ya macho, kile kilicho mkononi ni kijiti kilichopakwa rangi; baada ya macho, ni mtu, nawe huthubutu tena kukitupa motoni hata kama kina kasoro. Msimamizi alizoea kusema kwamba nusu ya malaika wa dunia walimwona Meta kabla ya kumwona mtu mwingine yeyote.

Aliolewa na Ehrhard Nestler, mchimba madini, mtu mkimya mwenye kikohozi, akaingia katika nyumba ya mama mkwe wake, Bi Auguste. Huyu alikuwa mjane wa mzee wa kanisa, na hakusahau hilo hata siku moja, wala hakumruhusu mtu mwingine kulisahau. Gotthold alizaliwa wakati wa vita. Kisha vita vikaisha, ikaja ile baridi kuu ya mwaka wa pili, ambayo wazee wa huko wakiitaja hupunguza sauti. Viazi viliganda pishini. Theluji ilifika kwenye vizingiti vya madirisha. Mkate wa sikukuu, ambao huko hufinyangwa kwa mfano wa mtoto mchanga aliyeviringwa nguo, ulipasuka katikati ndani ya tanuri. Bi Auguste akautazama, akaufunika kitambaa, maana mkate huo ukipasuka, husemwa, kifo kiko mlangoni.

Katika juma lile lile Meta alijifungua mtoto wa kike.

Alikuwa mdogo, sauti yake nyembamba kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Mkunga, ambaye alikuwa dada wa Bi Auguste, alimpima kwa mkono akatikisa kichwa. "Huyu hana nguvu," alisema. "Mbatizeni sasa hivi. Mkristo yeyote anaweza kummiminia maji, hata mimi."

"Watoto wa nyumba hii wanabatizwa kanisani," Bi Auguste akasema. "Si jikoni, kama anayesuuza bakuli. Jumapili mchungaji atapanda kutoka bondeni."

Jumapili mchungaji hakupanda. Barabara ilikuwa imezibwa. Na kabla haijafunguliwa, mtoto alinyamaza, akiwa na jina alilopewa na mama yake, lakini bila maji.

Hapo ndipo Bi Auguste alipoogopa. Watu wangeuliza kwa nini hakuna aliyenyosha mkono wake kuchota maji, na lililokuwa kiburi lingeitwa kwa jina lake. Basi ikasemwa kwamba mtoto alizaliwa mfu. Mkunga akafunga mdomo kwa ajili ya dada yake. Ehrhard alichukua kisanduku, akaenda wakati wa machweo, akamzika chini ya ukingo wa paa la kanisa, mahali ambapo watu wa kale waliwazika wasiobatizwa, ili maji yanayotiririka kutoka paa takatifu yawabatize kidogo kidogo, mvua hadi mvua. Naye Meta, akiwa bado kitandani na maziwa yakimlowesha kifua, aliwekewa Biblia chini ya mkono akaapa: hatalitaja jina lile ndani ya nyumba ile, wala hatamweka malaika dirishani. Aliyezaliwa mfu hana sanamu. Malaika angesema kwamba mtoto aliishi.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Majilio yaliyofuata, asubuhi ya kwanza baada ya taa kuwashwa, Meta alitoka kwenda kuchota maji akaona alama kwenye theluji chini ya dirisha. Zilikuwa ndogo sana, zimekaribiana, na hazikutoka popote. Zilianzia pale pale chini ya kizingiti na kuishia pale pale, kama za mtu anayebadilisha miguu kwa baridi huku akingoja.

"Ni sungura," Ehrhard alisema. Lakini alizifagia kwa haraka, na alipokuwa akizifagia hakumtazama mkewe.

Mwaka uliofuata alama zilirudi, nazo zilikuwa kubwa kidogo. Mwaka mwingine zilikuwa kubwa zaidi. Lothar alizaliwa, akabatizwa mapema kwa maji ya kutosha, akapata mchimba madini wake. Na kila Majilio Meta alipokiweka kiatu cha Lothar mlangoni ili kitiwe zawadi alikipima kwa macho na zile alama za nje, akaona kwamba huyu wa nje amemtangulia kama dada anavyomtangulia mdogo wake. Halafu, mwaka ule Bi Auguste alipozikwa, zilikoma kukua. Zilibaki za mtoto wa kwenda shule. Meta hakupata kujua kwa nini. Alitumaini, mama mkwe akiisha kuondoka, kiapo nacho kingeondoka. Kumbe kilizidi uzito. Aliye hai unaweza kumwomba akufungue. Marehemu anakutazama tu kutoka kwenye picha yake ukutani, na picha ya Bi Auguste ilitundikwa mahali ambapo macho yake yaliliona dirisha vizuri.

Jambo moja tu alilothubutu. Karakanani siku moja alichukua malaika aliyekataliwa kwa kuwa mti wake ulikuwa na fundo begani, akampaka nguo nyeupe na mkanda wa buluu, akampaka nywele na mdomo. Alipofika kwenye macho, brashi ilisimama hewani. Akampeleka nyumbani vile vile, akamviringa katika kitambaa cha ubatizo kisichotumika, akamlaza chini kabisa ya sanduku la dari. Akimtia macho ataiona njia, naye mlango wamemfungia. Hilo Meta hakuweza kumtendea.

Hivyo ndivyo miaka ilivyopita. Ehrhard alikufa kwa kile kikohozi. Meta aliacha kazi, mikono ikaanza kutetemeka. Hatimaye Gotthold, aliyekuwa akiishi mjini na mkewe Wiebke, akasema kwamba mama hawezi kubaki peke yake milimani na ngazi zile za barafu. Baada ya sikukuu wangemchukua, na nyumba wangeingia watu wengine. Meta alikubali kwa sauti ya upole, kama mtu anayekubali kuongezewa chai. Lakini usiku ule na usiku mwingi uliofuata aliwaza jambo moja. Majilio ya mwakani yule wa nje atakuja kama kawaida yake, asimame chini ya dirisha, na ndani kutakuwa na watoto wa watu wengine, na taa zisizomjua. Asipoingia mwaka huu, hataingia tena kamwe.

Wiebke alikuwa mwanamke wa pwani ya kaskazini, mcheshi, mwenye mikono mikubwa na moyo wa kuteua vitu vizuri. Alikuja mapema na Gotthold ili sikukuu ya mwisho katika nyumba ile iwe ya heshima. Jumamosi ya kuamkia Majilio, Meta alipokwenda kanisani kwa sala ya jioni, Wiebke alibaki kupamba. Alipiga pasi pazia. Alikata tawi la msonobari kwa urefu uliofaa. Aliwapangusa wachimba madini wawili, akawaweka, akarudi nyuma hatua chache akiwa ameinamisha kichwa.

"Kuna kitu kimepungua," alimwambia mumewe. "Wamekaa kama nyusi mbili bila pua."

"Ndivyo wanavyokaa siku zote," Gotthold akasema kutoka nyuma ya gazeti.

"Ndiyo maana wanaonekana wenye huzuni."

Akapanda darini kutafuta kibweta kingine cha mapambo. Chini ya sanduku akakuta kitambaa, na ndani ya kitambaa, malaika. Alidhani amesahauliwa.

Kengele ya kanisa ilipolia, kijiji chote kiliwasha taa. Meta alikuwa akipanda njia pamoja na Selma, wakishikana mikono kwa ajili ya utelezi, na kiza cha mapema cha Desemba kilikuwa kimekwisha kushuka. Kwenye kona ya mwisho, mahali nyumba inapoonekana, Selma alisimama ghafla.

"Dada Meta," alisema. "Una watatu."

Meta alitazama. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amelitazama dirisha lile kutoka ndani. Mwenye nyumba ndiye awashaye, hayuko nje kuangalia. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliliona kutoka upande wa theluji, upande wa anayengoja. Wachimba madini wawili, na katikati yao nguo nyeupe, mkanda wa buluu, mishumaa miwili inayowaka. Uso haukuwa na macho.

"Wa nani?" Selma akauliza.

"Mkwe wangu ni wa kaskazini," Meta alisema. "Hajui mambo yetu. Ameweka pambo tu."

Mara tu alipolisema alihisi baridi ikimzunguka miguuni, chini, si usoni ambako upepo ulikuwa ukimpiga. Walimalizia njia, na langoni Selma alisema, "Basi umtoe mapema, watu wasije wakaanza kuhesabu."

Ndani Gotthold alikuwa ameshasimama mbele ya dirisha akiona haya. "Wiebke, mke wangu, huku hatuweki kwa kupendeza. Umewatangazia watu kwamba nina dada. Kesho asubuhi watakuja na maua."

"Nisamehe, mama," Wiebke alisema, akiwa amekunja kitambaa cha ubatizo mikononi. "Nilimkuta mzuri sana, halafu amelala peke yake. Ila hana macho. Nilifikiri labda rangi imetoka. Nimtoe?"

Meta aliitazama picha ukutani. Kisha akamtazama malaika. Hakuwa amemweka yeye, na kiapo kilikuwa bado mahali pake. Kumtoa ndilo lingekuwa tendo lake mwenyewe.

"Mwacheni hadi kesho," alisema, akavua koti lake taratibu.

Asubuhi na mapema Meta alitoka. Theluji ilikuwa imeanguka laini usiku, haijaguswa na mtu. Chini ya dirisha alama zilikuwepo. Lakini safari hii hazikubadilisha miguu. Zilikuwa mbili tu, zimesimama wima, vidole vikigusa ukuta, kama za mtoto aliyejinyosha ili afikishe macho kwenye kioo. Meta alisimama karibu nazo hadi mikono yake ilipokufa ganzi. Ufagio ulikuwa pembeni ya mlango. Hakuushika.

Baada ya ibada ya Jumapili, Selma alikuja na keki yake ya mbegu za popi, maana ni desturi jirani kunywa kahawa pamoja Majilio ya kwanza. Aliketi, akavua glavu, akalitazama dirisha, kisha akamtazama mwenye nyumba. Gotthold alichochea jiko. Wiebke alimimina kahawa.

"Keki yako imekaa upande, Selma," Meta alisema.

"Imekaa upande kwa sababu tanuri imekaa upande, na tanuri imekaa upande kwa sababu nyumba imekaa upande. Tusiongee habari za keki." Selma akasukuma kikombe pembeni. "Jana ulisema ni pambo. Leo bado yupo. Mimi nimekujua tangu nikiwa na misuko miwili kichwani, na sijaona siku Meta Nestler ameacha takataka dirishani pake. Kwa hiyo nakuuliza tena, na ukitaka nitoke nitatoka. Huyu ni wa nani?"

Kuni zilipasuka jikoni. Meta aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

Kulijibu jambo lile kwa mara ya pili kama alivyolijibu njiani kulikuwa rahisi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamezoea njia. Lakini alikwisha kuona jinsi dirisha linavyoonekana kutoka nje.

"Ni wa binti yangu," alisema. "Hakuzaliwa mfu. Aliishi, akanyonya, akanishika kidole. Anaitwa Rosina."

Meta aligeuka akaitazama picha ya Bi Auguste, akasema kwa adabu ile ile aliyomtumikia nayo alipokuwa hai, "Mama, nimekutunzia siri yako vya kutosha. Nimechoka."

Gotthold aliketi chini kwenye sanduku la kuni kama mtoto. "Kulikuwa na kitanda cha kubembea," alisema polepole. "Pale, karibu na jiko. Nilikuwa nakisukuma kwa mguu. Siku moja hakikuwepo, nikauliza, bibi akasema nimeota."

"Hukuota," Selma akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na mimi sikuota. Nilikuwa msichana, chumba changu kilikuwa upande huu. Nilimsikia akilia. Nikamwuliza mama yangu, akasema ni paka wa akina Nestler. Nyinyi hamkupata kuwa na paka, dada Meta. Nilijua hivyo hata wakati ule. Nikasema, haya, ni paka."

Wale wanawake wawili walitazamana kwa muda juu ya ile keki iliyokaa upande.

"Lakini hakubatizwa," Meta alisema, kwa kuwa hilo lilikuwa limebaki.

"Maji ya paa la kanisa yanamwagika pale tangu wakati huo," Selma akajibu. "Mvua zote hizo. Mimi nilitiwa vijiko vitatu tu." Akapangusa pua kwa leso, kisha akakunja uso. "Sasa mbona amesimama kipofu? Ataufikiaje mlango bila macho? Mpe macho, dada."

Wiebke akauleta mkebe wa zamani wa rangi za Meta, uliokuwa nyuma ya kabati. Brashi ilikuwa imekauka. Ikalainishwa kwa maji ya uvuguvugu. Gotthold akashika taa karibu, ingawa ulikuwa mchana. Meta alimchukua malaika kwenye mkono wa kushoto, kwa namna ambayo mikono haisahau, akazuia pumzi. Wote wakazuia pumzi pamoja naye. Jicho la kwanza lilikaa mahali pake. La pili, mkono ulitetemeka, likakaa juu kidogo ya mwenzake, hata malaika akawa kama mtu anayesikiliza jambo huku ameinua uso.

Karakanani jicho la namna hiyo angelikataa. Sasa alilipulizia likauke, akamrudisha katikati ya kaka zake, uso ukielekea barabarani.

Tangu siku ile Meta hakwenda tena kuchungulia chini ya dirisha. Kijijini watu walihesabu, kama Selma alivyosema. Wengine walinong'ona, wengine walileta mishumaa. Mchungaji, aliyekuwa kijana, alikwenda peke yake akasimama kidogo chini ya ukingo wa paa la kanisa, kofia mkononi.

Ukafika Mkesha wa Krismasi. Meza ilitandikwa kama itandikwavyo huko: majani makavu ya ngano chini ya kitambaa, mkate na chumvi, na vyakula tisa, dengu na kabichi chachu na soseji na maandazi ya viazi na vingine, kila kimoja kidogo. Palitengwa sahani moja zaidi, kwa ajili ya yeyote aliye njiani. Meza ile mtu hainuki mpaka wote wamekwisha kula, maana ainukaye, husemwa, mwaka ujao kiti chake kitakuwa kitupu. Selma, kwa kuwa hakuwa na mtu kwake, alikuwepo, na alikuwa amevaa bangili zinazolia.

"Hata mkono umeuwekea kengele," Meta alimwambia.

"Ili ujue nachukua andazi la pili."

Walikuwa wangali wakicheka waliposikia komeo la mlango wa ukumbini likiinuka. Liliinuka bila haraka. Mlango ukafunguka kiasi cha upana wa kitu kidogo, na baridi ikaingia. Ilipita sakafuni kando ya meza, ikamgusa Wiebke magotini, ikamgusa Gotthold magotini, haikupanda zaidi ya hapo. Dirishani ndimi mbili za mishumaa ya malaika zililala upande mmoja, kisha zikasimama. Za wachimba madini hazikutikisika.

Gotthold aliiegemea mikono ya kiti ili ainuke. Mama yake akamwekea kiganja juu ya mkono.

"Mezani hatuinuki," alisema.

Akachota dengu kwa kijiko kikubwa, akazitia katika ile sahani ya kando, akaweka na kipande cha mkate. Mkono wake haukutetemeka. Kisha akageuza kidogo uso wake kuelekea mlangoni, kama afanyavyo mama yeyote mtoto anapoingia na theluji viatuni, akasema, "Funga nyuma yako, mwanangu."

Mlango ulifungwa. Ulifungwa taratibu, hadi komeo likaingia mahali pake.

Siku ya pili ya Februari taa zilishushwa kijiji kizima, kama ilivyo desturi, na juma lile gari la Gotthold lilipakiwa. Wachimba madini waliviringwa katika magazeti. Wiebke alinyosha mkono kumchukua malaika.

"Mama, mpe alale na wenzake, asije akavunjika shingo njiani."

"Mwache," Meta alisema. "Aone njia." Akamtia mfukoni mwa koti, kichwa kikiwa nje.

Theluji mpya ilikuwa imeanguka. Selma alisimama langoni kwake bila bangili, akawaona wakitoka mlangoni mmoja mmoja: Wiebke na kikapu, Gotthold na sanduku la mwisho, kisha Meta, polepole, akiwa ameegemea upande mmoja, mkono wa kushoto umekunjwa kiunoni. Selma alipunga mkono hadi gari lilipopotea kwenye kona. Halafu akavuka njia, kwa kuwa kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaacha bila kuyatazama.

Chini ya dirisha theluji ilikuwa safi, haina alama hata moja. Kutoka mlangoni hadi mahali gari liliposimama palikuwa na nyayo za watu watatu. Selma alizitafuta za nne, akazunguka, hakuziona, na moyo wake ukamwuma kwamba yule mdogo ameachwa peke yake ndani ya nyumba tupu. Kisha akainama, akaziangalia vizuri zile nyayo za aliyetoka mwisho. Meta alikuwa kizee mwepesi kama ganda la yai. Upepo wa Machi humshikisha uzio. Lakini nyayo zake zilikuwa zimezama katika theluji kuliko za mwanawe, kama za mwanamke aliyebeba mtoto wa kwenda shule, aliyechoka kusimama.